Siku Zinapobadilika: Mama na Kukoma kwa Hedhi

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii, na hiki ni kipindi chetu cha afya.

Mara nyingi katika kipindi hiki tunazungumza juu ya mtoto: chanjo yake, uji wake, kuhara kwake. Leo nataka tumzungumzie mama mwenyewe, hasa yule aliyefika miaka 40 na kuendelea, ambaye siku zake za mwezi zimeanza kuja ovyo. Mwezi huu zinakuja mara mbili, mwezi ujao hazionekani kabisa, halafu zinarudi kwa kishindo. Anajiuliza: je, huu ni ugonjwa? Je, ni mimba? Au ndio mwisho wenyewe?

Najua mambo haya ni magumu kuyasema kwa sauti. Sisi Abagusii tuna chinsoni. Mama hazungumzi mambo ya mwili wake mbele ya mwanawe wa kiume, wala mbele ya mkwe. Hiyo ni heshima yetu na sitaivunja. Kwa hivyo, ikiwa umeketi sebuleni na mkwe na redio iko juu, ichukue uende nayo jikoni. Lakini usiizime, kwa sababu heshima isigeuke kuwa sababu ya mama kufa kimya kimya.

Hedhi hukoma vipi?

Msichana huzaliwa akiwa na mayai yake yote ya uzazi tumboni mwake. Hatengenezi mengine baadaye. Anapobalehe, mayai hayo huanza kukomaa mwezi baada ya mwezi, na homoni za mwili wake huandaa mfuko wa uzazi. Mimba isipotunga, utando ulioandaliwa hutoka kama damu. Hiyo ndiyo hedhi.

Mama anapokaribia miaka 45, au hata kabla kidogo, mayai yamepungua na homoni hupanda na kushuka bila utaratibu. Ndiyo maana damu nayo hupoteza utaratibu. Hali hii inaweza kuendelea kwa miaka kadhaa. Hatimaye damu haiji tena. Tunasema hedhi imekoma pale mama anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, bila ujauzito, bila kunyonyesha, na bila dawa ya kupanga uzazi inayozuia damu. Wanawake wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55.

Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, hiyo ni mapema mno. Usiseme, "Afadhali nimepumzika." Nenda hospitali, maana homoni hizo zinalinda mifupa na moyo wako pia, na kuzikosa mapema kuna madhara. Mama aliyeondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji naye huingia katika hali hii ghafla, hata akiwa kijana.

Dalili ambazo mama husikia

Kuna mama ambaye hedhi yake hukoma bila hata kuumwa kichwa. Mwingine hupata taabu kweli. Dalili zinazojulikana ni hizi: joto la ghafla linalopanda kutoka kifuani hadi usoni, kisha jasho, kuamka usiku shuka imelowa, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, hasira za haraka au huzuni, kusahau sahau, viungo kuuma, kukojoa mara kwa mara, na ukavu sehemu za siri unaofanya tendo la ndoa liwe na maumivu.

Ukiwa na dalili hizi, wewe si mwendawazimu wala hujarogwa. Mwili wako unazoea kuishi na homoni chache.

Hapa nitasema jambo la nyumbani kwetu. Nilipokuwa shule ya upili, mama yangu alikuwa akiamka usiku wa manane, anafungua mlango na kukaa nje kwenye baridi akiwa na leso tu. Sisi watoto tuliogopa. Jirani mmoja alimwona mara mbili, na maneno yakaanza kutembea kijijini: huyo mama anafanya nini nje usiku? Mnajua kwetu swali hilo linaelekea wapi. Mama alipojua anasemwa, akaacha kutoka. Akawa analala na joto lake ndani ya nyumba, akilia. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha uuguzi, nilifungua ukurasa wa somo hili nikaona orodha ya dalili. Niliifunga daftari nikalia mimi pia. Ilikuwa ni orodha ya mama yangu.

Nasema haya kwa sababu si mchezo. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, hapa hapa Kisii, wanawake wanne wa umri mkubwa waliuawa na umati wa watu kwa kusingiziwa uchawi. Sisemi kwamba waliponzwa na joto la usiku. Ninasema kwamba katika nchi ambayo mama mzee anaweza kuuawa kwa uvumi, ni wajibu wetu kujua kwa nini mama wa miaka 50 hushindwa kulala. Kijana unayenisikiliza, ukimwona mama au shangazi yako ameketi nje usiku, mpelekee kiti na maji ya kunywa. Mwulize anaendeleaje.

Lakini pia nawaonya: si kila jasho la usiku ni kukoma kwa hedhi. Ukiwa na jasho la usiku pamoja na kikohozi, homa, au kupungua uzito, nenda upimwe kifua kikuu. Pia malaria huleta jasho, na tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi huleta joto na moyo kwenda mbio. Mhudumu wa afya atazitofautisha.

"Mimi nilishastaafu, daktari"

Mama mmoja wa miaka 46, mchuma majani chai, alikuja zahanati nilipokuwa nikifanya kazi. Alilalamika juu ya kiungulia na uchovu. Nilipomwuliza siku zake za mwisho zilikuwa lini, akacheka. "Mimi nilishastaafu, daktari. Ni miezi mitano sasa." Nilimwomba mkojo nipime. Alikuwa mjamzito. Kifungua mimba wake alikuwa na mtoto, na kitinda mimba wake alikuwa kidato cha pili. Presha yake ilikuwa juu, na miezi yote hiyo hakuwa amehudhuria kliniki hata mara moja. Tulimpeleka hospitali kubwa, na namshukuru Mungu alijifungua salama kwa upasuaji. Lakini mimba katika umri huo ina hatari zaidi: presha, kisukari cha mimba, na kuvuja damu.

Kwa hivyo shikeni hili. Hedhi kuja ovyo haimaanishi kwamba yai halitoki tena. Linaweza kutoka mwezi ambao hukutarajia. Ikiwa hutaki mtoto mwingine, endelea na njia ya kupanga uzazi. Ukiwa na zaidi ya miaka 50, endelea hadi umalize mwaka mmoja mzima bila damu. Ukiwa chini ya miaka 50, endelea hadi umalize miaka miwili.

Wale mnaotumia sindano ya miezi mitatu au vijiti vya mkononi, nyinyi hamwezi kuhesabu kwa damu. Sindano yenyewe inaweza kukausha hedhi, na vijiti vinaweza kuifanya ije ovyo. Zungumza na muuguzi kabla ya kuacha, na ukikaribia miaka 50 mwulize kama hiyo sindano bado inakufaa au ubadilishe njia.

Damu kuja ovyo si umri peke yake

Kwa kawaida, kutoka siku ya kwanza ya hedhi moja hadi siku ya kwanza ya nyingine ni kati ya siku 21 na 35, na damu hutoka siku mbili hadi saba. Msichana aliyevunja ungo juzi anaweza kukaa mwaka mmoja au miwili kabla ya siku zake kutulia. Mama anayenyonyesha anaweza kukosa hedhi kwa miezi mingi. Mawazo mengi, njaa na kupungua mwili sana pia huvuruga.

Lakini kuna sababu nyingine zinazohitaji matibabu: uvimbe katika mfuko wa uzazi, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, mimba inayoharibika, magonjwa ya zinaa, matatizo ya tezi ya shingoni, na saratani. Ndiyo maana nasikitika mama anapoambiwa na majirani, "Ni umri tu, vumilia." Jirani hana kipimo.

Tafadhali nenda kituo cha afya bila kuchelewa ukiona mojawapo ya haya:

- Damu nyingi inayolowesha pedi moja kwa saa moja, saa baada ya saa, au inayotoka kwa mabonge makubwa.
- Damu inayoendelea zaidi ya siku saba.
- Damu katikati ya mwezi, kabla ya siku zako.
- Damu baada ya tendo la ndoa.
- Uchafu wenye harufu mbaya, au maumivu ya kiuno na tumbo la chini yasiyoisha.
- Kizunguzungu, kuishiwa pumzi, viganja vyeupe, au hamu ya kula udongo. Hizo ni dalili za upungufu wa damu.
- Damu yoyote ile, hata tone moja, baada ya kumaliza mwaka mzima bila hedhi.

Hiyo ya mwisho nairudia. Hedhi iliyokoma hairudi. Mama mmoja wa miaka 58 aliona damu miaka sita baada ya kukoma. Wenzake katika chama walimtania kwamba amerudia usichana. Naye alicheka nao. Damu ilikuja ikapotea, ikaja tena. Akanunua dawa ya miti shamba sokoni, akaambiwa itasafisha tumbo. Alipofika kwetu ulikuwa umepita mwaka na nusu, na harufu ilimtangulia mlangoni. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na ilikuwa imeenea. Nilimshika mkono. Aliniuliza, "Ningekuja mapema?" Sikuweza kumdanganya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Si kila damu baada ya hedhi kukoma ni saratani. Wengi hukutwa na ukavu au kijinyama kinachotibika. Lakini ni hospitali itakayosema hivyo, wala si soko.

Kupima mlango wa kizazi

Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi hapa Kenya, na ni miongoni mwa zile tunazoweza kuzizuia. Huletwa na virusi vinavyoitwa HPV, vinavyoambukizwa kwa ngono. Huchukua miaka mingi kabla ya kuwa saratani, na katika miaka hiyo mama hasikii maumivu yoyote. Ndiyo maana tunapima mtu akiwa mzima.

Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Unalala kitandani, umefunikwa shuka. Muuguzi anaingiza kifaa cha kufungulia njia, kisha anapaka mlango wa kizazi dawa inayofanana na siki na kuangalia kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Mahali pengine wanachukua ute kwa kijiti laini na kuupeleka maabara kutafuta HPV. Unaweza kusikia usumbufu kidogo, si kisu. Ukikutwa na mabadiliko ya mwanzo, yanatibiwa kabla hayajawa saratani. Mfuko wa uzazi hauondolewi kwa kupima. Huo ni uvumi.

Mama mwenye virusi vya ukimwi anahitaji kupimwa mara nyingi zaidi kuliko wengine. Uliza katika kliniki yako. Na msichana wa miaka 10 apelekwe kupata chanjo ya HPV, ambayo serikali ilianza kuitoa mwaka 2019.

Uchunguzi huu unapatikana katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira, na katika hospitali na vituo vingine vya afya. Ukiona aibu kupimwa na mwanamume, sema. Omba muuguzi wa kike. Mwombe mhudumu wa afya wa kijiji chako akuelekeze kituo kilicho karibu. Na ikiwa hujajisajili na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, piga *147# kwenye simu yako ufuate maelekezo. Usingoje hadi siku ya kuumwa.

Mambo unayoweza kufanya nyumbani

Kwanza, weka kumbukumbu. Chukua kalenda ya ukutani, ile mnayopewa dukani mwisho wa mwaka, utie alama kila siku unayoona damu. Ukija nayo kliniki, umenisaidia kuliko maneno mia moja.

Pili, kula vizuri. Chinsaga, rinagu, maharagwe na nyama kidogo ukipata huongeza damu. Omena na maziwa huimarisha mifupa, ambayo hudhoofika hedhi inapokoma. Kula na chungwa au papai, maana husaidia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye mboga. Najua sisi ni watu wa majani chai, lakini chai pamoja na chakula huzuia madini hayo. Kunywa chai yako saa moja au mbili baada ya kula.

Tatu, usiku wa joto, vaa pamba nyepesi, fungua kidirisha ikiwa ni salama, weka maji karibu na kitanda. Punguza pilipili, kahawa na pombe jioni kama unaona zinakuamsha joto. Tembea na fanya kazi za mikono. Acha sigara na ugoro.

Nne, pima presha na sukari. Baada ya hedhi kukoma, hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka. Wahudumu wa afya wa kijiji wengi sasa wana mashine hizo mikobani mwao.

Tano, usinywe dawa ya "kurudisha hedhi" au "kufungua damu". Umri haufunguliwi kwa chupa. Utapoteza pesa, na kama kuna ugonjwa utazidi kukua ukingoja.

Kwa mama ambaye dalili zinamlemea, kuna matibabu. Daktari anaweza kutoa tiba ya homoni, au dawa nyingine zisizo za homoni, na kwa ukavu kuna vilainishi vinavyotengenezwa kwa maji. Tiba ya homoni haipatikani katika kila zahanati, na haimfai kila mtu: mama aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyewahi kuganda damu miguuni au mapafuni, mwenye ugonjwa wa ini, au anayetoka damu isiyojulikana chanzo, asipewe bila daktari kumchunguza. Usiazime vidonge vya rafiki.

Neno kwa akina baba

Najua mpo mnaosikiliza. Mkeo akikataa tendo la ndoa au akiwa mkali siku hizi, usikimbilie kusema ana mwanamume mwingine, wala usitafute msichana kule mjini. Huenda anaumia na anaona aibu kukuambia. Mwulize kwa upole. Mpe nauli ya hospitali. Mama huyu alikuzalia na kukulelea watoto, akabeba ndizi hadi sokoni Daraja Mbili ili wapate karo. Sasa ni zamu yake kutunzwa.

Mama yangu yu hai. Hedhi yake ilikoma kitambo, joto limeisha, analala hadi jogoo awike. Nilipomweleza yote haya, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kumbe kulikuwa na jina lake." Ndiyo, mama, lina jina, nasi tunaweza kulisema.

Kumbuka haya ya leo: hesabu miezi 12, usiache kupanga uzazi mapema, damu baada ya hedhi kukoma ni ya hospitali, kapimwe mlango wa kizazi ukiwa mzima, na umlinde mama mzee dhidi ya uvumi.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika kijiji chetu watu husema nini juu ya mama asiyelala usiku? Tunaweza kubadilisha vipi maneno hayo?
2. Nani kati yetu amepimwa mlango wa kizazi? Atueleze ilivyokuwa.
3. Kituo cha afya kilicho karibu hupima siku gani, na nani atamsindikiza mwenzake?